Kubadilisha umeme wa trekta kongwe la Ferguson kutoka volti 6 kwenda volti 12: nianzie wapi?

Mkulima wa Ole, Pemba

Assalamu alaykum, mafundi na wakulima wenzangu wa Unguja na Pemba.

Ninalo trekta dogo la kijivu aina ya Ferguson TE20, lile lililokuwa likiundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Marehemu babu alilinunua likiwa limekwishatumika, baba akalitumia miaka mingi kuvutia trela la karafuu na mihogo, na sasa magoti hayamruhusu tena kupanda kitini, kwa hiyo limekuwa amana mikononi mwangu. Injini yake ya petroli ni nzima: ukiizungusha kwa hendeli inashika mara ya tatu au ya nne, haitoi moshi wa buluu, na haidroliki yake bado inanyanyua jembe lililojaa udongo bila kutetereka. Maradhi yake yako kwenye umeme.

Trekta hili ni la volti 6, na ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye mwili wa trekta, kinyume na magari tuliyoyazoea. Betri imechoka; asubuhi stata hugeuka nusu mzunguko kwa uvivu, kisha kimya. Nimetafuta betri mpya Chake Chake, Wete na Mkoani, na nimemwagiza ndugu yangu azunguke Darajani na Mwanakwerekwe, lakini betri za volti 6 zilizopatikana ni zile ndogo za pikipiki za zamani, ambazo haziwezi kugeuza injini kama hii. Za volti 12 zimejaa kila duka.

Mwezi uliopita fundi mmoja alinishauri tufunge betri ya gari ya volti 12 moja kwa moja bila kugusa kitu kingine. Injini ilishika mara moja, kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona, nikafurahi. Baada ya robo saa nikasikia harufu kama ya lami inayochemka. Koili, kile kifaa kinachopandisha volti ili plagi zitoe cheche, ilikuwa haishikiki kwa mkono, mafuta meusi yanachuruzika kutoka kwenye mdomo wake, na injini ikazima. Nilipofungua distributa nilikuta pointi, zile ncha mbili zinazounga na kukata umeme wa koili, zimeungua, moja imechimbika shimo na ya pili imeota kipele. Balbu mbili za mbele zilikufa papo hapo nilipowasha taa.

Sitaki kurudia kosa hilo. Ninaomba mnieleze ni vifaa gani lazima vibadilishwe na ni vipi vinaweza kubaki, khasa stata, kwa sababu stata ya volti 12 ya trekta hili sijui niitafute wapi. Naomba pia ushauri kama nibaki na dinamo, kile kifaa cha zamani cha kuchaji betri, au nifunge alteneta ya magari ya sasa, na kama ni lazima nigeuze chanya na hasi. Natamani kazi iwe imekamilika kabla ya masika.

Fundi umeme wa Mwanakwerekwe

Wa alaykumu ssalam, kaka. Pole kwa koili, na hongera kwa kulitunza trekta la wazee. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu kazi hii si ngumu, ila haivumilii pupa.

Kila kifaa kwenye trekta lako kilitengenezwa kwa kutegemea kwamba kitasukumwa na volti 6. Ukizifanya kuwa 12, kifaa kile kile kinavuta mkondo mara mbili, na joto ndani yake linapanda mara nne. Hilo ndilo lililoipata koili yako. Koili ya volti 6 kwa kawaida ina ukinzani wa kiasi cha omu 1.5 kati ya vituo vyake viwili vidogo. Kwa volti 6 inavuta ampea 4, na hizo ndizo ambazo pointi za distributa zinaweza kuzikata bila kuungua. Kwa volti 12 ilivuta ampea 8. Lile shimo na kile kipele ulichokiona ni madini yaliyohama kutoka pointi moja kwenda nyingine kwa cheche kubwa. Huenda kondensa, kile kikopo kidogo kinachopunguza cheche za pointi, nayo imeumia. Ibadilishe pamoja na pointi hata kama inaonekana nzima.

Kwenye koili unazo njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo ninayokushauri, ni kununua koili ya volti 12 isiyohitaji rezista ya nje, yaani kizuizi cha kupunguza mkondo. Usiamini maandishi ya boksi peke yake: nenda dukani na mita yako, weka kwenye omu, pima kati ya vituo viwili vidogo. Ukisoma karibu na 3, hiyo ndiyo yako. Ukisoma karibu na 1.5, koili hiyo ama ni ya volti 6 ama ni ya gari ambalo lilikuwa na rezista yake pembeni; magari mengi ya zamani ya Kijapani yana koili za namna hii, na watu hudanganyika nazo kwa sababu zimeandikwa 12. Njia ya pili ni kutumia koili ya omu 1.5 na kuiwekea rezista ya omu 1.5 kwenye waya unaotoka kwenye ufunguo, ili jumla iwe 3. Rezista hiyo inapata moto mkali, na kwenye TE20 tangi la petroli liko juu ya injini, kwa hiyo ifungwe kwenye chuma, mahali penye upepo, mbali na tangi na mipira ya mafuta.

Stata ibaki ile ile. Stata ya volti 6 ina waya nene ndani yake, na kwa kuwa inafanya kazi sekunde chache tu, haipati muda wa kuungua. Itazunguka kwa kasi zaidi, na hapo ndipo penye hatari yake: kile kigia kinachorukia meno ya flaiwili kitaruka kwa kishindo. Usipige stata zaidi ya sekunde tano kwa mara moja, na usiipige tena mpaka flaiwili isimame kabisa, la sivyo utayakata meno. Waya nene za stata zilizopo usizitupe. Wapo wanaodhani kwamba volti 12 zinahitaji waya mwembamba, wakazinunua waya za gari dogo. Waya nene ya volti 6 kwenye volti 12 ni neema.

Kuhusu dinamo, ukipata dinamo ya volti 12 pamoja na reguleta yake ya volti 12 (inayodhibiti chaji), unaweza kubaki na chanya kwenye mwili kama ilivyo. Utakapoifunga, kabla ya kuiwasha, ni lazima uifundishe upande wake: chomoa waya kwenye kituo chenye herufi F, kisha kigusishe kituo hicho mara mbili au tatu kwa waya unaotoka kwenye ile ncha ya betri isiyofungwa kwenye mwili. Lakini mimi ningekushauri alteneta. Injini ya TE20 inazunguka polepole, kutoka mizunguko 400 mpaka 2,000 hivi kwa dakika, na dinamo katika mwendo wa chini haitoi kitu. Alteneta ndogo ya gari la Kijapani itachaji hata ukiwa unatembea taratibu na trela.

Ukichagua alteneta, hasi lazima iende kwenye mwili. Hapa naomba sana usikilize: alteneta iliyounganishwa na betri iliyogeuzwa inakufa papo hapo, kwa sababu daiodi zake, ambazo kazi yake ni kupitisha umeme upande mmoja tu, zinakuwa zimefunguliwa njia ya mkondo wote wa betri bila kizuizi. Hakuna onyo wala nafasi ya pili. Koili nayo ugeuze waya zake: kile kituo chenye alama ya hasi ndicho kielekee kwenye distributa. Injini itawaka hata ukikosea, lakini cheche itatoka upande usiofaa wa plagi. Ncha ya katikati ya plagi ndiyo yenye joto zaidi, na umeme huruka kwa wepesi ukitokea kwenye ncha yenye joto. Ukitokea upande wa pili koili inalazimika kupandisha volti nyingi zaidi, na injini itakusumbua asubuhi zenye unyevu. Stata haina shida, inageuka upande ule ule vyovyote utakavyoifunga, maana sumaku yake ya nje na ya ndani zote zinageuka pamoja.

Puli ya alteneta itazame kabla hujalipa. Alteneta nyingi za sasa zina puli ya mkanda mpana wenye mistari, na trekta lako lina mkanda wa umbo la V. Tafuta ya zamani yenye puli ya V, au ubadilishiwe puli kwa anayechonga vyuma.

Dereva mstaafu wa matrekta, Chake Chake

Mwanangu wa Ole, salamu, na umfikishie mzee wako pia.

Fundi wa Mwanakwerekwe amesema maneno ya haki na sina la kumpinga katika hayo. Mimi nataka kukurudisha nyuma hatua moja. Matrekta kama hili lako yalitoka kiwandani na volti 6 na yakawaka, katika nchi zenye baridi ambayo sisi hatuijui. Kama lako linageuka kwa uvivu, tatizo si idadi ya volti bali ni kwamba volti zenyewe hazifiki. Sisi tunaishi na chumvi. Upepo wa baharini unaingia kila mahali katika kisiwa hiki, na shaba haipendi chumvi. Waya unaouona mzima kwa nje, ukikata ganda lake unakuta nyuzi zimekuwa za kijani na zinavunjika kama majani makavu.

Ukifunga volti 12 juu ya uchafu huo, stata itageuka, na wewe utadhani umetibu. Utakuwa umeuficha ugonjwa tu, nao utarudi siku umesimama na trela kwenye mteremko.

Fanya hivi kwanza. Toa waya wa plagi ya juu ya koili ili injini isiwake, weka mita kwenye volti, kisha umwombe mtu apige stata wakati wewe unapima sehemu nne: kati ya ncha mbili za betri zenyewe, kwenye risasi ya ncha na si kwenye vibanio vya waya, kati ya kituo cha stata na mwili wa stata, kati ya ncha chanya ya betri na mwili wa stata, na kati ya ncha hasi na kituo cha stata. Sehemu mbili za mwisho zinatakiwa zisome karibu na sifuri. Zikisoma vingine, ndipo penye mwizi wako. Leta namba hizo hapa.

Na katika kungoja huko, usijaribu kuliwasha kwa kuazima umeme wa gari la mtu. Nimeshuhudia betri ikipasuka kwa namna hiyo tukiwa bondeni kwenye kazi ya kuburuga, kwa kuunganishwa na lori lenye volti kubwa kuliko yake. Gesi inayotoka kwenye betri inashika moto kwa cheche moja, na tindikali haikuuliza ni macho ya nani. Mwenzetu mmoja aliyerukiwa nayo aliokolewa na maji ya mfereji, tulimzamisha uso mzima.

Mkulima wa Ole, Pemba

Nawashukuru sana nyote wawili. Mzee wangu amefurahi kusikia salamu hizo, na ndiye aliyepiga stata wakati mimi ninapima, akiwa amekaa kitini kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi.

Niliirudisha ile betri ya zamani ya volti 6 baada ya kuichaji usiku kucha. Kabla ya kupiga stata ilisoma 6.2. Stata inapogeuka: ncha kwa ncha 4.9, kwenye stata yenyewe 3.4; kutoka ncha hasi mpaka kituo cha stata 0.4, kutoka ncha chanya mpaka mwili wa stata 1.1.

Yaani volti 1.1 zinapotea upande wa ule mkanda wa shaba uliofumwa unaoshika mwili wa trekta. Nilifungua bolti yake nikakuta chini yake rangi ya kijivu, na juu ya rangi kutu, na juu ya kutu grisi iliyokauka. Inaelekea trekta lilipakwa rangi upya zamani, kisha mkanda ukafungwa juu ya rangi. Naomba mnieleze kama 1.1 ni nyingi kiasi cha kuwa sababu, maana kwa macho inaonekana ni kidogo.

Mwalimu wa mafunzo ya amali, Unguja

Ndugu yangu wa Ole, naomba nilijibu swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo ninalowafundisha vijana wangu kila mwaka na ndilo wanalolisahau haraka.

Tuchukulie kwamba stata yako inavuta ampea 200, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa stata ya namna hii. Volti 1.1 zikigawiwa kwa ampea 200 unapata omu 0.0055. Ukiwa na mita ya kawaida na ukapima mkanda huo kwa omu, itakuonesha sifuri, na utasema kiungo ni kizima. Ndiyo maana mzee wetu wa Chake Chake amekutaka upime volti wakati stata inageuka: uchafu wa namna hii hauonekani mpaka mkondo mkubwa upite juu yake. Na hizo volti 1.1 kwa ampea 200 ni wati 220 zinazogeuka kuwa joto chini ya bolti moja. Ukigusa pale baada ya kupiga stata mara tatu utaona pana moto.

Sasa tazama kwa nini volti 6 hazina msamaha. Betri yako ilikuwa na 4.9 za kutoa, ikaibiwa 1.1 upande mmoja na 0.4 upande mwingine. Karibu theluthi ya umeme wote imepotea njiani. Kama ungekuwa na volti 12 na stata inayofanya kazi ile ile, ingehitaji nusu ya ampea tu, na hasara kwenye bolti ile ile ingekuwa volti 0.55 kati ya 12, jambo ambalo usingelihisi kabisa. Kwa taa ni vivyo hivyo: balbu ya wati 36 inavuta ampea 6 kwa volti 6, lakini ampea 3 kwa volti 12. Watengenezaji wa magari walihamia volti 12 kwa sababu hii. Shaba ile ile inabeba nguvu maradufu kwa mkondo ule ule.

Kwa hiyo wote wawili wamesema kweli. Safisha kwanza, kisha badilisha. Paruza rangi kwa msasa mpaka uone chuma cheupe duara lenye upana wa sarafu, funga mkanda mpya, kaza, halafu ndipo upake vaselini juu ya kiungo kizima ili chumvi isiingie. Vaselini ipakwe baada ya kukaza, si kabla. Ncha za betri zioshe kwa maji ya moto yenye magadi mpaka ziache kutoa povu, ukiangalia maji hayo yasiingie ndani ya betri.

Nina ombi jingine. Trekta hili kama mengi ya umri wake huenda halina fyuzi hata moja. Kwa kuwa unaweka betri yenye nguvu zaidi na alteneta, weka fyuzi kwenye waya wa taa na kwenye waya wa ufunguo, karibu na pale unapochukua umeme.

Mkulima wa mpunga, Cheju

Samahanini kuingia katikati, lakini nina jambo ambalo sijaona likitajwa na ambalo linanikera kila ninapoona TE20 iliyofanyiwa kazi hii.

Kwenye trekta hili stata haipigwi kwa kitufe. Unawasha ufunguo, kisha unaupeleka mkono wa gia kwenye herufi S, na mkono wenyewe ndio unaobonyeza swichi ya stata. Waliobuni walikusudia hivyo: mkono hauwezi kuwa kwenye S na wakati huo huo ukawa kwenye gia, kwa hiyo trekta haliwezi kuruka mbele wakati linawashwa. Mafundi wengi wanapobadilisha umeme hukuta swichi hiyo imechoka, wakaiacha, wakatundika solenoidi ya gari (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) na kitufe pembeni ya usukani. Siku hiyo trekta linapoteza kinga yake. Mtu anasimama chini, pembeni ya gurudumu la nyuma, anabonyeza kitufe, kumbe gia ya kwanza imeingia. Injini hii kwa volti 12 itashika mara moja na trekta litampitia.

Kaka, tafadhali isafishe swichi hiyo na uiache ifanye kazi yake. Kama utalazimika kuweka solenoidi ili kuipunguzia mkondo, basi waya mwembamba wa kuamrisha solenoidi upite kwenye swichi ya mkono wa gia.

Mkulima wa Ole, Pemba

Nilikuwa nimeshanunua kitufe. Nimekirudisha dukani, na ninakushukuru kutoka moyoni, maana watoto wa nyumbani hupenda kusimama karibu na gurudumu hilo.

Taarifa ya kazi ilipofikia. Nilipobadilisha mkanda wa ethi, ule unaounga betri na mwili wa trekta, na kusafisha, nilipima tena kwa betri ile ile kongwe: 1.1 imekuwa 0.2, na stata ikapata 4.2 badala ya 3.4. Iligeuka kwa namna ambayo baba alisema ndivyo ilivyokuwa zamani. Lakini betri ile haikushika chaji zaidi ya siku mbili, na nyingine haipatikani, kwa hiyo nimeendelea na volti 12. Nimefunga koili iliyosoma omu 3.1, pointi na kondensa mpya, balbu mpya, fyuzi mbili, na alteneta ndogo ya gari la Kijapani iliyokuja kwa boti kutoka Unguja ikiwa na puli ya V. Hasi sasa iko kwenye mwili. Niliandika kwa rangi nyekundu ndani ya boneti ili atakayekuja baada yangu asikosee.

Trekta linawaka vizuri mno. Nimebaki na mawili. Nikizima ufunguo, injini haizimi. Inaendelea kwa kukohoa mpaka nifunge petroli. Na amita, kile kipimo cha mkondo wa betri, inaonesha sindano upande wa kutoa chaji kila injini inapokwenda kasi, ingawa mita yangu inasoma volti 14.2 kwenye betri.

Fundi umeme wa Mwanakwerekwe

Hongera, kaka. Volti 14.2 ni afya njema, alteneta inachaji sawasawa.

Kuhusu amita, hakuna ubaya wowote: uligeuza betri lakini hukugeuza waya za nyuma ya amita, kwa hiyo inasoma kinyume. Chomoa waya wa ethi wa betri kwanza, badilishana waya mbili za amita, kisha rudisha ethi mwisho kabisa. Kila unapogusa umeme wa trekta hili fuata mpangilio huo, ethi ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi, ili spana ikiteleza na kugusa chuma isitoe cheche. Hakikisha pia waya mnene wa alteneta umeunganishwa upande wa amita unaokwenda kwenye ufunguo na taa, si ule wa betri, na kwamba kipimo cha amita kinaweza kubeba mkondo wa alteneta hiyo. Kama ni ndogo kuliko alteneta, ni salama zaidi kuipeleka alteneta moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene na kuweka kipima volti badala yake.

Kuhusu injini kukataa kuzima, niambie: kile kituo cha alteneta chenye herufi L umekipitishia balbu gani?

Mkulima wa Ole, Pemba

Kwenye kituo cha alteneta chenye herufi IG nimeleta waya wa ufunguo, kwenye S waya wa betri, na kwenye L nimepitisha balbu ya indiketa, ile ya wati 21, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo nyumbani.

Fundi umeme wa Mwanakwerekwe

Basi hiyo ndiyo. Injini inapozunguka, L inatoa umeme. Ukizima ufunguo, umeme huo unarudi kinyumenyume kupitia balbu mpaka kwenye koili, na balbu ya wati 21 inapitisha zaidi ya ampea moja na nusu, ambayo inatosha kuifanya koili itoe cheche dhaifu. Ndiyo maana inakohoa. Tena balbu kubwa kiasi hicho inaichosha reguleta iliyomo ndani ya alteneta.

Weka balbu ndogo ya dashibodi ya wati 2 au 3. Hiyo haipitishi zaidi ya robo ya ampea moja, na koili haiwezi kuishi kwa chakula hicho. Usiiondoe balbu ukaunganisha L moja kwa moja, utaiua reguleta. Ukitaka uhakika zaidi, ongeza daiodi kwenye waya huo, ule mstari wake mweupe ukielekea kwenye alteneta, ili umeme upite kwenda na usiweze kurudi.

Mkulima wa Ole, Pemba

Nimeweka balbu ya wati 2 na daiodi pia. Nikizima ufunguo injini inazima palepale. Amita nayo sasa inasoma upande wake. Nilipima tena sehemu zile nne kama alivyoagiza mzee wetu wa Chake Chake, stata ikiwa inageuka kwa volti 12: ethi 0.15, upande wa pili 0.3. Ule upande wa pili nitaufungua wiki ijayo, inshaallah. Nashuku ni ile swichi ya mkono wa gia, nitaisafisha kwa msasa laini.

Dereva mstaafu wa matrekta, Chake Chake

Msasa laini na mkono mwepesi, mwanangu. Shaba ya ndani ya swichi hiyo ni nyembamba. Ukiona imechimbika, igeuze itumie upande wa pili ambao haujaguswa, kama umbo lake linaruhusu. Na betri hiyo mpya ifungie kibanio chake imara kisandukuni, maana barabara za mashambani kwetu ndizo zinazoua betri kabla ya umri wake: zinaitikisa mpaka risasi ya ndani inaanguka chini.